Anatoka Gerezani Leo, Dawa Zake Ziko Wapi?

Aprili 26, 2021, katika maadhimisho ya miaka 57 ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe wafungwa 5,001. Kati yao 1,516 waliachiwa siku hiyohiyo, na waliobaki wakapunguziwa vifungo. Kabla yake, Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli alikuwa amewasamehe wafungwa 5,533 akiwa Mwanza. Siku za namna hiyo kamera husogezwa hadi kwenye mageti ya magereza. Watu hukumbatiana, hulia, hupiga magoti kushukuru, na kesho yake picha zao hujaa magazetini.

Furaha hiyo ni haki yao. Lakini ukisoma masharti ya misamaha iliyowahi kutolewa nchini utakuta kipengele tunachokipita haraka: mara nyingi wamo wafungwa wenye UKIMWI, kifua kikuu au saratani waliofikia hatua za mwisho. Serikali basi inajua kwamba wanaotoka getini hawatoki wote wakiwa wazima. Kisichotangazwa ni nani atakayewapokea kliniki wiki inayofuata, na nani atazungumza na wake zao, waume zao na wapenzi wao.

Tunapenda kusema kwamba mtu aliyetoka jela huambukiza au huambukizwa magonjwa ya zinaa kwa sababu ya tabia yake. Siamini hivyo. Sehemu kubwa ya hatari hiyo huzalishwa na namna tunavyomtoa: bila dawa za kutosha, bila kipimo, bila mtu wa kumuuliza swali la faragha kwa heshima. Hatari inayozalishwa hivyo inaweza kuzuiwa, na gharama yake si kubwa.

Tuanze na dawa, kwa kuwa hapo ndipo jambo linapoonekana wazi zaidi. Tangu 2016 Tanzania inamwanzishia ARV, dawa za kufubaza virusi, kila anayekutwa na VVU bila kusubiri kinga yake ishuke, na wafungwa wamo katika utaratibu huo. Mgonjwa hupewa kadi ya CTC1, ile kadi ndogo anayotembea nayo, yenye namba ya tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo na sita zake mwenyewe. Kumbukumbu nyingine, CTC2, hubaki kituoni. Kwa namna fulani mambo ya dawa huwa mepesi gerezani. Nauli ya kwenda kliniki haihitajiki, ugali na maharage vipo hata kama havitoshi, na mganga wa gereza anajua nani hajafika kuchukua dozi yake. Wapo wanaofubaza virusi wakiwa jela vizuri kuliko walivyowahi kufanya uraiani.

Siku ya kutoka, kadi ileile inageuka mzigo. Kituo kilichoitoa kinajulikana. Ukiiweka mezani kwenye zahanati ya mtaani kwenu, iwe Mbagala au Gongo la Mboto, umetoa siri mbili kwa mkupuo mmoja: kwamba una virusi na kwamba ulikuwa ndani. Aliyekaa mapokezi huenda anasali na mama yako. Mtu aliyekwisha kujiandaa kubeba aibu moja anakutana na mbili, na namna rahisi ya kuikwepa ni kuitupa kadi kabla hajafika nyumbani. Akiitupa, ametupa pia namba yake, kumbukumbu zake na tarehe yake ya kurudi kuchukua dawa.

Fomu ya uhamisho kutoka kliniki moja kwenda nyingine ipo, na inafanya kazi pale ambapo mganga wa gereza anajua tarehe ya mtu kutoka. Kwa mfungwa anayemaliza kifungo chake tarehe hiyo inajulikana miezi kadhaa kabla. Kwa mahabusu hakuna anayeijua. Asubuhi anapanda karandinga kutoka gereza la Segerea kwenda mahakama ya Kisutu kama alivyofanya mara nyingi. Wakili wa Serikali anasimama, anaieleza mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri, hakimu anamwachia, na saa sita mchana yuko barabarani na nguo alizovaa. Kopo lake la vidonge limebaki gerezani. Niambie nani, akiwa na akili zake timamu, atapanda daladala siku hiyo kurudi Segerea kulidai. Atasubiri kesho, kisha keshokutwa, kisha ataona aibu ya kueleza kwa nini amechelewa. Hatuna takwimu za kutosha za watu hawa, na hiyo yenyewe ni dosari, kwa sababu mahabusu ni sehemu kubwa ya watu wanaolala katika magereza yetu na huingia na kutoka kila siku ya kazi.

Yaliyohesabiwa Marekani yanaonyesha ukubwa wa pengo hilo. Kati ya 2004 na 2007 watafiti wakiongozwa na Jacques Baillargeon waliwafuatilia watu 2,115 wenye VVU waliotoka katika magereza ya Texas, wote wakiwa wanatumia ARV walipokuwa ndani. Gereza liliwapa dawa za siku 10 za kuanzia. Ndani ya siku hizo 10, ni asilimia 5.4 tu waliokwenda kuchukua dawa nyingine. Baada ya siku 30 walikuwa asilimia 17.7. Baada ya siku 60 walikuwa wamefika asilimia 30, maana yake watu saba katika kila kumi walikuwa wamekaa wiki kadhaa bila dawa. Hii ni Texas, jimbo tajiri lenye barabara, kompyuta na maduka ya dawa kila kona. Waliofanikiwa zaidi walikuwa wale waliosaidiwa kujaza fomu za mpango wa dawa za bure kabla hawajatoka. Fomu moja na mtu wa kukaa naye kuijaza ilileta tofauti.

Takwimu hizo zinahusu afya ya uzazi na mahusiano moja kwa moja. Mtu anayekunywa ARV kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Hilo limethibitishwa na tafiti kubwa, na wahudumu wetu wa CTC, kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, wanalifundisha. Akiacha dawa, virusi hurudi damuni ndani ya wiki chache, wakati yeye mwenyewe bado anajisikia mzima kabisa. Sasa weka wiki hizo kwenye kalenda ya mtu aliyetoka jela. Ndizo wiki ambazo mke amemsubiri kwa miaka, au mpenzi wa zamani amesikia karudi, au marafiki wamemfanyia sherehe na bia zimemwagika. Hakuna kipindi kingine katika maisha yake ambacho kukosa kopo la vidonge kunaweza kumdhuru mwingine kwa haraka kiasi hicho.

Utafiti wa kitaifa wa athari za VVU wa 2022–2023 uliwapima watu majumbani. Ulikuta kwamba kati ya Watanzania watu wazima wanaojua kuwa wana virusi, karibu asilimia 98 wako kwenye dawa. Ni mafanikio makubwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini mtu aliyetoka gereza la Ukonga jana na hana anwani ya kudumu hakai katika nyumba ambayo mtafiti angebisha hodi.

Yanayotokea ndani nayo yasemwe, ingawa hakuna anayetaka kuyasoma Jumapili asubuhi.

Watu hujamiiana magerezani. Wengine kwa hiari, wengine kwa kubadilishana na sabuni, sigara, chakula au nafasi ya kulala katika chumba ambacho watu wanalazwa mzungu wa nne kwa kukosa nafasi, na wengine kwa kubakwa. Wembe mmoja hunyoa vichwa vingi. Mchoro wa mwilini huchorwa kwa sindano iliyopita kwa watu kadhaa. Kwetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kujamiiana kinyume na maumbile, na kwa sababu hiyo kondomu hazigawiwi gerezani: kuzigawa kungekuwa kukiri kwamba kosa linatendeka. Afrika Kusini iliamua vingine na ikaanza kuzigawa magerezani tangu 1996.

Katika jimbo la Georgia, Marekani, mamlaka za afya zilichunguza kumbukumbu za miaka ya 1992 hadi 2005 na kuwakuta wanaume 88 walioingia gerezani bila virusi wakavipata wakiwa ndani. Waliohojiwa walieleza kwamba baadhi yao walijitengenezea kinga kwa glavu za mpira na nailoni ya kufungia chakula. Nimelifikiria sana jambo hilo. Watu waliohukumiwa, wasio na uwezo wa kupata kondomu hata moja, walihangaika kujilinda kwa nailoni. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa asiyejali afya yake.

Ripoti hiyohiyo ina jambo la pili ambalo wengi husahau kulitaja. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye VVU katika magereza yale walikuwa wameingia navyo kutoka uraiani. Gereza liliwapokea. Kwa hiyo tusimwangalie kila anayetoka kana kwamba anatuletea ugonjwa mpya mtaani. Mara nyingi anarudi na kile alichoondoka nacho, na kama gereza lilitumia nafasi yake vizuri, anarudi akiwa amepimwa na kutibiwa.

VVU havikai peke yake. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili na bado ikapita kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, wakati katika hatua za mwanzo inatibika kwa sindano ya benzathine penisilini. Kisonono na klamidia hutibika kwa vidonge na sindano, lakini kwa wanawake wengi havitoi dalili hadi vimeharibu mirija ya uzazi. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu na kwa kujamiiana, na kirusi chake huweza kuishi kwenye wembe kwa siku kadhaa. Ina chanjo ya dozi tatu ndani ya miezi sita, na watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa mganga wa gereza, ningeomba dozi ya kwanza ya chanjo hiyo itolewe siku mtu anapoingia.

Na yupo mwanamume aliyebakwa. Sheria yetu, mila zetu na lugha yetu ya utani vimemfunga mdomo kabisa. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72 na kunywewa kwa siku 28, lakini ili azipate lazima amwambie mtu, na mtu wa karibu ni askari, na mtuhumiwa huenda ni mnyapara. Anakaa kimya, anamaliza kifungo, anarudi nyumbani. Mke anashangaa kwa nini mumewe hataki kumgusa, au kwa nini anataka bila mazungumzo yoyote. Hakuna kliniki itakayompima mtu huyu vizuri kama haina mtu aliyefunzwa kumsikiliza bila kushtuka.

Kuhusu mke, nchi nyingi zimeandika kidogo kuliko inavyostahili. Daktari Adaora Adimora wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyefariki dunia mwanzoni mwa 2024, alitumia miaka mingi kuonyesha namna jela inavyovuruga mahusiano ya watu waliobaki nje. Mtaa unapopoteza vijana wengi wa kiume kwa pamoja, mahusiano huvunjika, mengine mapya huanza, na yanayoanza hukutana na ya zamani siku mtu anaporudi. Magonjwa ya zinaa hufuata njia hizo. Hoja yake ilihusu Wamarekani weusi wa kusini mwa nchi ile, na hali yetu haifanani kwa kila kitu. Lakini mwanamke wa Tandale ambaye mumewe amefungwa miaka saba amebaki na kodi ya chumba, ada na watoto. Akipata mtu wa kumsaidia kodi, jamii itamwita malaya, na mumewe akirudi wataangaliana kila mmoja akiwa na miaka saba isiyosemeka. Sioni faida ya kutafuta nani alianza. Wanachohitaji wote wawili ni mlango mmoja wa kuingilia wakapimwa pamoja, na mhudumu asiyeuliza maswali ya polisi.

Wanawake waliofungwa wenyewe ni wachache kwa idadi, na kwa hiyo husahaulika. Mwanamume akitoka mara nyingi anakuta mke au mama amemwekea chumba. Mwanamke akitoka anakuta ndoa imekwisha na ndugu hawataki kusikia jina lake. Anayempa mahali pa kulala usiku wa kwanza anaweza kudai malipo yake usiku uleule, na katika mapatano hayo nafasi yake ya kutaja kondomu ni ndogo mno.

Kwa wanaotumia unga, hatari ni kubwa zaidi na inakuja haraka. Mwaka 2007 Ingrid Binswanger na wenzake walichapisha matokeo kuhusu watu 30,237 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani: katika wiki mbili za kwanza uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu kubwa ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Mwili umekaa bila unga, umesahau kiwango chake, na kijana anajidunga kipimo cha zamani. Anayenusurika kifo si lazima anusurike na bomba la kushirikiana. Hapa Dar es Salaam, mwaka 2005, Sheryl McCurdy na wenzake waliandika kuhusu wanawake waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, wakiamini itawaondolea arosto kwa sababu hawakuwa na pesa ya kete yao. Bomba lenye damu ya mtu mwingine ni njia fupi kuliko zote ya VVU na homa ya ini.

Jibu la jambo hili tunalo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ikiwa ya kwanza Tanzania Bara, na baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Jimbo dogo la Rhode Island, Marekani, lilianza mwaka 2016 kutoa dawa za namna hiyo kwa wafungwa wote wanaozihitaji na kuwaunganisha na kliniki za nje. Katika nusu ya kwanza ya 2016, vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliokuwa wametoka jela karibuni vilikuwa 26. Nusu ya kwanza ya 2017 vilikuwa 9. Mtu anayekunywa kikombe cha methadone kila asubuhi mbele ya muuguzi anaonekana kila siku, anapimwa, anakumbushwa ARV zake, na hana sababu ya kutafuta bomba.

Katika Rhode Island hiyohiyo, daktari Josiah Rich na wenzake wa Hospitali ya Miriam walikuwa wameanza mapema, katika miaka ya 1990, mpango wa kumkabidhi kila mfungwa mwenye VVU anayetoka kwa mtu mmoja wa kumfuatilia kwa miezi 18. Mtu huyo humjua angali gerezani. Akitoka wanakwenda kliniki pamoja, wanatafuta pa kulala, wanajaza fomu. Nchini mwetu tunao watu wa kazi hiyo. Wilaya nyingi zina konga za WAVIU, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU, na waelimisha rika wanaojua kumtafuta mtu aliyepotea kwenye dawa hadi kijiweni kwake bila kumwaibisha. Wengi wao walikuwa wakilipwa posho kwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na agizo la Marekani la Januari 20, 2025 la kusimamisha misaada liliwagusa kwanza watu wa ngazi hiyohiyo ya jamii. Kazi ya kumsindikiza mtu kutoka geti la gereza hadi CTC haifai kutegemea bajeti ya nchi nyingine. Posho ya mwelimisha rika mmoja kwa gereza moja ni fedha ambayo halmashauri inaweza kuipata kwenye mapato yake ya ndani.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 24 kwamba huduma za afya za gerezani zipangwe ili tiba iendelee bila kukatika, na zinataja VVU, kifua kikuu na uraibu. Kwa lugha ya kazi hiyo inamaanisha anayetoka apewe dawa za miezi mitatu mkononi, kwani wagonjwa waliotulia uraiani tayari wanapewa za muda huo. Inamaanisha kadi mpya yenye jina la kliniki ya mtaani kwake, iliyoandaliwa kabla hajavuka geti. Kwa mahabusu, inamaanisha vidonge vya akiba vya wiki mbili anavyokwenda navyo mahakamani kila siku ya kesi, kwa kuwa hakuna ajuaye hakimu ataamua nini. Sheria ya UKIMWI iliyorekebishwa Novemba 2019 inaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe, basi na kifaa cha kujipima kiwemo katika bahasha yake, pamoja na kondomu. Huko nje kondomu hazimvunjii mtu sheria yoyote.

Kama wewe ndiye unayempokea, mume, dada au mtoto wako, wiki ya kwanza ina mambo machache ya kufanya. Nendeni kupimwa wote, VVU, kaswende na homa ya ini B, na mrudie kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu, maana maambukizi mapya huweza yasionekane mapema. Hadi majibu hayo ya pili yatoke tumieni kondomu, na tamko la kwamba mnaaminiana lisiwe sababu ya kuziacha. Kama mmoja ana virusi na mwingine hana, ulizeni kuhusu PrEP, kidonge cha kinga kwa asiye navyo, hadi dawa za mwenzake zitakapofubaza virusi. Mjamzito amwambie mkunga ukweli kwamba mwenza amerudi karibuni, ili arudiwe kupimwa. Na kama amekuja na kopo la dawa, lisifichwe kwa sababu ya wageni wanaokuja kumpongeza: tarehe ya kuchukua jingine imeandikwa kwenye kadi yake, na mtu wa kumsindikiza siku hiyo apatikane kabla vidonge havijaisha.